Tulienda Kampala Kuangalia Vyumba vya Wachoraji

Mwezi uliopita kuna waliouliza, "Hawa walimu wanaenda Kampala kutembea ao wanaenda kazi?" Swali ni la haki, na leo tunajibu. Tunaandika kabla ya mkutano wa wazazi wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, maana jambo la kuamua siku hiyo ni moja: kile chumba cha nyuma ya shule, iliyokuwa stoo ya zamani, kitakuwa cha nini.

Mnajua mapendekezo ni mawili. La kwanza ni kukipangisha kwa mtu wa kuchaji simu, ili kodi itusaidie kununua chaki na kumlipa mlinzi. La pili ni kukiacha kwa vijana wa klabu ya kuchora, ambao mpaka sasa wanachorea chini ya mti, na mvua ikija wanakimbia na karatasi zinalowa. Sisi walimu wa kujitolea ndio tunaosimamia klabu hiyo, kwa hiyo hatuwezi kusema hatuna upande. Lakini tuliona si vizuri kuomba kitu ambacho sisi wenyewe hatujawahi kukiona. Tukasema, twende kwanza tuone mahali ambapo vijana wanajifunza sanaa ndani ya studio bila kuwa wanafunzi wa chuo.

Studio tunayosema si ya kupiga picha wala ya muziki. Ni chumba cha kazi, kama karakana ya seremala, lakini anayefanya kazi humo ni mchoraji, mchongaji ao mtu anayeshona vitambaa na makaratasi kuwa picha.

Tulikuwa wanne: walimu wawili, msichana mmoja na mvulana mmoja wa klabu. Nauli tulichanga. Baba wa yule mvulana alitoa ruhusa usiku wa mwisho kabisa, na aliitoa kwa maneno haya: "Mwalimu, nenda naye. Lakini ukirudi uniambie kweli, hiyo kuchora italeta unga?" Tangu msaada wa chakula ulivyokatwa mwaka 2023, hakuna mzazi hapa asiyeuliza hivyo. Lile swali tulisafiri nalo.

NJIANI

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa taxi ya Mbarara. Barabara ilikuwa vumbi tupu, tukafika nywele nyekundu. Mbarara tukapanda basi. Kabla ya Lyantonde, upande wa mbuga ya Ziwa Mburo, tuliona punda milia wanakula majani karibu na ng'ombe wa Ankole wenye zile pembe ndefu. Vijana walisimama ndani ya basi mpaka kondakta akawagombeza.

Tulipita Masaka. Karibu na mji huo kuko kijiji kinaitwa Ndegeya, jina ambalo kwa Kiganda ni la wale ndege wanaosuka viota. Huko msanii Collin Sekajugo alianzisha kituo cha sanaa cha Weaver Bird, ili wasanii wafanye kazi kijijini pamoja na watu wa kijiji. Kabla yake, mwaka 2007, alikuwa amefungua kituo kingine Kigali kinachoitwa Ivuka. Ndugu zetu Wanyarwanda wanajua kwamba jina hilo ni la kuzaliwa. Mwaka 2022 Uganda iliweka banda lake kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, kule Italia. Sekajugo na mwenzake Acaye Kerunen ndio walioonyesha kazi, na waamuzi wakalipa banda lile sifa maalum. Hatukuweza kushuka Ndegeya, basi halikusimama. Lakini tuliwaambia vijana: hapo mnapopita kwa dirisha kuko kijiji kama kijiji kingine chochote, na mtu aliona panatosha kuanzia.

Lukaya tulinunua gonja za kuchoma. Kayabwe tulivuka ule mstari unaogawa dunia kati ya kaskazini na kusini. Halafu kabla ya Mpigi, mahali panaitwa Mpambire, tuliona kitu kilichotusaidia kuelewa safari yetu. Ngoma zimepangwa kando ya barabara, za kimo cha mtu na za kimo cha kikombe. Nyuma yake mafundi wanatoboa magogo, na vijana wanavuta ngozi na kuzifunga. Hakuna ubao wala kengele, hakuna mtihani. Mtoto anakaa karibu na fundi, anaangalia, anajaribu, anakosea, anarekebishwa. Msichana wetu akasema, "Kumbe hii ndiyo studio." Ndiyo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kujifunzia ndani ya chumba cha kazi ni kitu cha wazungu. Mafundi wetu wa ngoma, wa vyungu na wa chuma walifundisha hivyo siku zote.

BARAZA LA MAMA TROWELL

Usiku tulilala kwa ndugu wa kanisa, upande wa Katwe. Kesho yake asubuhi tulianzia mjini kwenye sanamu ya Uhuru, si mbali na hoteli ya Sheraton. Ni ya mwanamke anayeinua mtoto juu kwa mikono miwili. Iliwekwa Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, na aliyeitengeneza ni Gregory Maloba, Mkenya. Mvulana wetu aliuliza Maloba alijifunza wapi. Jibu lilitupeleka Makerere.

Miaka ya 1930 Mwingereza mmoja, Margaret Trowell, mke wa daktari wa Mulago, alianza kufundisha kuchora kwenye baraza ya nyumba yake. Hakuwa na jengo. Mwaka 1937 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa shule, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Maloba alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo. Walikuja pia Sam Ntiro kutoka Tanganyika, na baadaye Elimo Njau, pia wa Kilimanjaro, ambaye mwaka 1965 alisaidia kuanzisha kituo cha Paa ya Paa mjini Nairobi. Leo shule ya sanaa ya Makerere ina jina la mama yule, na ina vyumba vingi. Lakini ilianza kwa baraza.

Tulitembea pale Makerere kimya kidogo. Vijana wetu wanajua kwamba kuingia chuo kikuu kunataka cheti cha sekondari ya juu na karo. Wengi wa klabu hawatafika huko, na si kwa kukosa akili. Ndiyo maana tulitaka kuona mlango wa pili.

KABALAGALA

Kabalagala ni jina la mtaa na pia ni jina la ile mikate midogo ya ndizi na muhogo inayokaangwa kwa mafuta. Tulikula kwanza, ndipo tukaenda kwenye kituo kinachoitwa 32° East. Jina ni la mstari wa ramani, nyuzi 32 mashariki, unaopita ndani ya Uganda. Kituo kilianza mwaka 2011. Kwa miaka mingi kilikuwa Kansanga, na studio zake zilikuwa makontena, yale ya chuma yanayobeba mizigo melini. Baadaye walipata kiwanja chao Kabalagala wakajenga.

Jengo lenyewe ndilo lililowasimamisha vijana wetu mlangoni. Udongo uliochimbwa palepale kiwanjani ndio uliotumika kujengea kuta na kutengeneza matofali. Mvulana alishika ukuta kwa kiganja, akacheka: "Mwalimu, hii si kama nyumba yetu?" Sisi huku kila mtu amekanyaga udongo wa matofali kwa miguu yake. Kule wataalamu wa majengo wamekuja na michoro, wakachagua udongo uleule.

Ndani kuko studio, maktaba ya vitabu vya sanaa na ukumbi wa kuonyesha kazi. Tuliuliza sana jinsi vituo vya aina hii vinavyofanya, na tunawaandikia kwa kifupi.

Kwanza, anayetaka nafasi haulizwi alipata pointi ngapi. Anaulizwa kazi zake ziko wapi na anataka kufanya nini. Anaandika wazo lake, anaonyesha alichokwisha kufanya, na anaeleza atahitaji vifaa gani.

Pili, anapewa chumba kwa muda, wiki kadhaa ao miezi kadhaa, si milele. Muda ukiisha anampisha mwingine.

Tatu, hakuna mwalimu anayesimama mbele. Kuko msanii mkubwa anayepita, anakaa, anauliza maswali. Kuko wenzake wa chumba cha pili.

Nne, kazi inabandikwa ukutani na wengine wanaisema. Mwenye kazi anasikiliza kwanza, anajibu baadaye.

Tano, mwisho wake mlango unafunguliwa, majirani wanaingia kuangalia. Hakuna diploma. Kinachobaki ni kazi zenyewe na watu waliokujua.

Hiyo ya nne tuliionja wenyewe. Wasanii wawili tuliokutana nao Kampala walikubali kuangalia michoro ya vijana wetu. Msichana alikuwa na picha anayoipenda sana, ile ya foleni ya maji, wengine mliiona sikukuu iliyopita. Waliikalia dakika nyingi. Halafu mmoja akauliza kwa upole kwa nini watu wote kumi na wawili kwenye foleni wana uso mmoja, na kwa nini ule uso unafanana na wa kalenda. Msichana alinyamaza. Ni kweli, alikuwa ameunakili kwenye kalenda ya dukani, na sisi walimu wake hatukuwahi kuona. Tulikuwa tunasema tu "vizuri sana, piga makofi."

Njia nzima ya kurudi Katwe hakuzungumza. Tuliogopa tumemvunja moyo. Kumbe usiku aliomba taa ya mwenyeji, akamchora mama wa nyumba akiwa anachagua mchele, na kovu lake la shavuni alilitia. Asubuhi yule mama alikataa kumrudishia karatasi. Alisema ni yake.

Kwa wasanii wale tulilipeleka pia swali la unga. Hawakutudanganya. Mmoja alisema mwaka mzuri anauza picha mbili ao tatu, na siku nyingine anaandika vibao vya maduka na kupaka kuta za shule za chekechea. Alisema mkono uliozoea studio ndio unaompa hizo kazi za vibao, lakini asingemshauri mtu aache kulima. Na tukaambiwa habari za mzee Sanaa Gateja, msanii wa Uganda anayetengeneza shanga kwa karatasi zilizotupwa na kuzishona kwenye magome ya mti yaliyopigwa kuwa kitambaa. Amefundisha wanawake wengi kutengeneza shanga hizo, na mwaka 2024 kazi zake zilikuwa kwenye banda la Uganda kule Venice. Kina mama wetu wa Basecamp wanaokunja shanga za karatasi, jueni kwamba kazi mnayouza sokoni kwa bei ndogo, mwingine ameifikisha mbali kwa kukaa nayo miaka mingi.

NA KWETU KONGO JE?

Jioni ya mwisho mzee mmoja Mkongomani wa Katwe alitukumbusha kwamba sisi wenyewe tuko na historia hii nyumbani. Tunaiandika kwa ajili ya vijana waliozaliwa huku kambini.

Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji. Watu waliiita Le Hangar, yaani banda. Hakuwapa vijana picha za Ulaya wanakili. Aliwaambia wachore kutoka vichwani mwao na kutoka kwa yale waliyoyaona porini na kijijini. Kutoka banda lile alitoka Pilipili Mulongoy, aliyechora samaki, ndege na majani. Alitoka Mwenze Kibwanga, aliyejaza picha zake mistari mifupi mifupi inayokatana. Alitoka Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole badala ya brashi. Banda moja, na mikono mitatu isiyofanana hata kidogo. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, lakini picha za wale watu mpaka leo zinatafutwa.

Tuseme ukweli, lile banda lilikuwa la mkoloni, na yeye ndiye aliyeamua nani aingie. Kwa hiyo habari ya pili inatufurahisha zaidi. Mwaka 2008 wasanii wa Lubumbashi wenyewe, kati yao mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, walianzisha kituo kwa jina la Kiswahili chetu: Picha. Ndicho kinachoandaa maonyesho ya Lubumbashi yanayorudi kila baada ya miaka miwili, na kinafanya warsha za kufundisha wasanii vijana. Baloji alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa wakati wa ukoloni akaziweka juu ya picha alizopiga kwenye viwanda vya madini vilivyokufa, ili waliosahauliwa waonekane wamesimama mahali walipofanyia kazi. Kazi zake zimeonyeshwa Ulaya na Marekani, na yeye bado anahusika na mji wake.

TUNACHOOMBA

Tumerudi, na tumekaa tukahesabu. Tunawaambia wazi: klabu haitaweza kulipa kodi ambayo mtu wa simu angelipa. Hiyo ni hasara ya kweli, chaki si mchezo. Na baba yule tumemjibu mbele ya mtoto wake: Baba, kuchora peke yake hakutaleta unga mwaka huu, na labda hata mwaka kesho.

Lakini tuliyoyaona yametufundisha jambo ambalo hatukulijua tulipoondoka. Tulidhani vijana wetu wanakosa rangi na brashi. Tulidhani wanakosa mwalimu mkubwa. Rangi na mwalimu ni kitu kizuri, ila baraza ya Mulago, makontena ya Kansanga na banda la Lubumbashi vyote vilikuwa na vitu vitatu vya kwanza: mahali pakavu ambapo kazi ya jana utaikuta leo, saa zinazojulikana, na watu wa kukuambia ukweli kuhusu kazi yako. Chini ya mti kila siku tunaanza upya. Kijana akichora kwa siku moja tu kisha mvua ikala, hawezi kujua kosa lake la juzi. Yule msichana amenakili kalenda mwaka mzima kwa sababu kazi zake hazikuwahi kukaa ukutani pamoja tukaziona.

Kwa hiyo tunaomba chumba kwa majaribio ya miezi mitatu, si zaidi, na tunaahidi haya:

Chumba kitafunguliwa saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, baada ya masomo na baada ya kuchota maji. Aliyekimbia darasa hataingia.

Mlango utakuwa wazi muda wote, na watu wazima wawili watakuwepo, mmoja wao mama kutoka kamati ya wazazi. Tunajua wasiwasi wenu kuhusu wasichana na wavulana pamoja, na ni wasiwasi wa haki.

Ufunguo utakaa kwa mwenyekiti wa wazazi, si kwetu.

Badala ya kodi, klabu itaandika vibao vyote vya shule na itachora ramani, mwili wa binadamu na herufi kwenye kuta za madarasa ya chini, ambayo sasa hayana hata picha moja. Tutatumia makaa, udongo mwekundu na mweupe, na karatasi za katoni. Hatuombi hela.

Mwisho wa mwezi wa tatu tutafungua mlango, mtakuja kuangalia. Mkiona ni upuuzi, mtu wa simu aingie kesho yake, na sisi tutamsaidia kubeba betri.

Wazazi wapendwa, mkutano ni saa tisa. Safari hii hatutakutana chini ya mti. Tumeomba na tumekubaliwa kukutania ndani ya chumba chenyewe, na michoro ya safari itakuwa imebandikwa ukutani: punda milia, ngoma za Mpambire, sanamu ya mama na mtoto, ukuta wa udongo wa Kabalagala. Picha ya mama wa Katwe haitakuwepo, mwenyewe amekataa kuitoa. Baba wa yule mvulana amesema atakuja, hakusema atapiga kura vipi. Njooni muangalie, mseme kizuri na kibaya bila kutuonea haya, vijana watasikiliza kwanza na kujibu baadaye. Halafu tutahesabu mikono.